Dola Ilikimbia, Dini Ilitembea kwa Miguu

Kuna risiti moja ya kondoo ninayoipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka hapa. Iko Vienna, Austria, kwenye maktaba yao ya taifa, imeandikwa kwenye karatasi ya mafunjo. Tarehe yake ni Aprili 643, mwaka wa 22 wa Hijra. Yaani miaka 11 tu baada ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kufariki. Kikosi cha Waarabu kilikuwa kinapita karibu na mji mmoja wa Misri unaoitwa Ihnas kwa Kiarabu, kikahitaji nyama. Wakachukua kondoo 65. Halafu kamanda wao, Abdallah bin Jabir, akatoa risiti.

Risiti, mazee. Tena kwa lugha mbili. Kigiriki, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya ofisi Misri wakati huo, na Kiarabu. Sehemu ya Kigiriki iliandikwa na karani aitwaye Yohana, shemasi wa kanisa. Na upande wa nyuma pakaandikwa kwamba hao kondoo wahesabiwe kwenye kodi ambayo mji ungedaiwa. Sasa wewe fikiria jeshi lolote unalolijua, la nchi yoyote. Likipita kijijini kwenu na kubeba mbuzi wa nyanya yako, nani ataandika risiti? Nani hata atasalimia?

Nimeanza na kondoo makusudi. Kila nikiweka video kuhusu mwanzo wa Uislamu, wanakuja watu wa aina mbili. Wa kwanza anaandika kwamba hiyo dini ilienezwa kwa upanga, wacha kutuzungusha. Anaandika kwa dharau. Wa pili, kawaida akaunti yake haina picha, anaandika kwamba tulikuwa simba, tuliteka dunia kwa upanga, na tutarudi. Huyu anaandika kwa fahari. Wanatukanana mpaka saa nane usiku, na mimi nikiwasoma nashangaa hawaoni kwamba wote wawili wanasimulia stori moja. Mmoja ananuna, mwingine anapiga makofi, lakini sinema ni ile ile: farasi, vumbi, upanga, watu wote wanasilimu kabla ya chakula cha jioni.

Hapa Kenya huo si ubishi wa kupitisha muda. Tarehe 2 Aprili 2015, nikiwa bado shule ya msingi, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Wauaji waliwatenga kwa dini. Na zile video za kusajili vijana nimeziona. Mimi nakula kupitia video, kwa hivyo naziangalia kwa jicho la fundi: farasi amepunguzwa mwendo, sauti nzito nyuma, bendera, jua linazama. Kijana wa miaka 17 asiye na kazi anaambiwa hivi ndivyo babu zako walivyokuwa. Hakuna mtu amewahi kumwonyesha risiti ya kondoo.

Mimi pia jambo hili linanihusu nyumbani. Baba ni Mwislamu, kwao ni Mumias. Mama alizaliwa nyumba ya kanisa na mpaka leo Jumapili anaenda ibadani. Kwa hivyo nikikaa matangani upande wowote, kuna mtu atanivuta pembeni aniulize, kwa upole ule wa wazee, kama najua dini ya baba yangu ilifikaje duniani. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hapo sikuwa nasoma historia, basi msiniite profesa. Lakini kusoma sikuacha. Na nilichokuja kuamini, baada ya kusoma sana, ni hiki: dola ya Waislamu na dini ya Kiislamu hazikusafiri kwa mwendo mmoja. Moja ilikimbia. Nyingine ilitembea kwa miguu, na mahali pengine ilichukua miaka 300 kufika.

Tuanze Makka basi. Kuanzia karibu mwaka 610 mpaka 622, Mtume alihubiri pale bila jeshi, bila askari, bila hazina. Waliomfuata mwanzoni wengi walikuwa vijana, watumwa, na watu wasio na ukoo mkubwa wa kuwatetea. Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi. Maquraishi walipowakaba sana, kundi moja, karibu mwaka 615, lilivuka Bahari Nyekundu kuomba hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Makka wakatuma wajumbe na zawadi, wakitaka hao wakimbizi warudishwe. Najashi akakataa. Hebu ikae hapo kidogo: serikali ya kwanza kuwalinda Waislamu ilikuwa ya Kikristo, na ilikuwa Afrika, hapa kwa jirani zetu wa kaskazini. Sijui kwa nini hatuipigii kelele hii kila siku.

Halafu Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina. Huko makabila mawili, Aws na Khazraj, walikuwa wamechinjana kwa miaka mingi, na vita vya Bu'ath, vilivyokuwa vibaya kuliko vyote, vilikuwa vimepita juzi tu. Watu walichoka. Walitaka mtu wa nje, asiye na deni la damu na yeyote, aje awaamue. Mkenya haihitaji kuelezwa sana hii. Mwaka 2008, baada ya sisi kuchinjana, tulikaa mbele ya Kofi Annan kwa sababu hakuwa wa kabila la mtu. Tofauti ni kwamba Annan alimaliza kazi akarudi kwao, na Mtume alikaa.

Alipofika mwaka 622, mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyofanyika ni hati. Inaitwa Mkataba wa Madina, wengine huiita Sahifa, na imehifadhiwa ndani ya sira ya Ibn Ishaq kama ilivyohaririwa na Ibn Hisham. Hata wanahistoria wa Magharibi wenye mazoea ya kushuku kila kitu cha kipindi hicho, wengi wao wanakubali hii ni ya zamani kweli, kwa sababu haijapambwa. Sehemu kubwa yake inachosha! Kila ukoo uendelee kulipa fidia ya damu kama ulivyokuwa ukilipa. Kila ukoo ukomboe mateka wake. Mji ukishambuliwa, wote wautetee, na kila upande ugharamie sehemu yake. Waumini ni umma mmoja. Koo za Kiyahudi zilizotajwa ziko pamoja na waumini, wao na dini yao, Waislamu na dini yao. Ugomvi ukizidi, upelekwe kwa Mungu na kwa Muhammad.

Hiyo ndiyo siku Uislamu ulipata mwili wa kisiasa, na mwili wenyewe ulikuwa orodha ya nani atalipa nini. Unaweza kuona ni jambo dogo. Kwa Bara Arabu lilikuwa jambo kubwa sana, maana usalama wa mtu ulikuwa ukoo wake tu. Hati ikakuambia una ndugu ambao hamkuzaliwa pamoja, na damu yako ikimwagika watasimama.

Je, mkataba ulidumu? Haukudumu kwa wote. Ndani ya miaka mitano, yale makabila matatu makubwa ya Kiyahudi ya Madina yalikuwa yameondoka: mawili yalifukuzwa, na la tatu, Banu Qurayza, mwaka 627, wanaume wake waliuawa na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Waliotuandikia haya ni watu wetu wenyewe, kwenye vitabu vya sira, na wanaeleza kisa cha usaliti wakati wa vita vya Handaki. Wanazuoni wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Mimi naiweka hapa kwa sababu anayekupa Mkataba wa Madina bila kukupa Qurayza anakuuzia kitu.

Lakini tukio ambalo ningelipa pesa kuliona kwa macho ni Hudaibiya, mwaka 628. Waislamu karibu 1,400 walitoka Madina kwenda Makka kufanya umra, na wanyama wa kuchinja, wakiwa wamevaa ihramu. Maquraishi wakawazuia nje ya mji. Baada ya mivutano, akaja mjumbe wao, Suhail bin Amr, waandike mkataba wa kusimamisha vita miaka 10. Ali ndiye alikuwa mwandishi. Alipoandika kwamba huu ni mkataba wa Muhammad, Mtume wa Mungu, Suhail akasimamisha kalamu. Akasema tungekuwa tunakubali wewe ni Mtume wa Mungu, tungekuzuia kwa nini? Andika jina lako na la baba yako. Ali hakutaka kufuta. Mtume mwenyewe akataka yafutwe, ikaandikwa Muhammad bin Abdullah.

Masharti nayo! Mwaka huo warudi bila umra. Mtu wa Makka akikimbilia Madina bila ruhusa ya walezi wake, arudishwe. Mtu wa Madina akikimbilia Makka, harudishwi. Na wino haujakauka, anatokea Abu Jandal, mtoto wa yule yule Suhail, amesilimu, ana minyororo miguuni, anaomba aokolewe. Akarudishwa. Umar alikasirika mpaka akaenda kumuuliza Abu Bakr kama kweli huyu si Mtume, na kama kweli sisi si Waislamu. Ungekuwa na intaneti siku hiyo, wale wa akaunti zisizo na picha wangesema ameuza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 630, aliingia Makka na watu 10,000, na mapigano yalikuwa machache sana. Piga hesabu hiyo: kutoka 1,400 mpaka 10,000, na katikati hapo vita na Makka vilikuwa vimesimama. Watu walipoacha kuogopana, walianza kutembeleana, kufanya biashara, kuongea. Wanahistoria wa Kiislamu wa zamani wenyewe walisema waliosilimu katika miaka ile miwili walikuwa kama wote waliotangulia au zaidi. Karatasi iliyoonekana ya aibu ilifanya kazi ambayo Badr na Uhud hazikufanya.

Sasa, upanga. Siwezi kuuficha na sitaki kuuficha. Mtume alipofariki mwaka 632, makabila mengi yalijitoa, na Abu Bakr akayarudisha kwa vita. Halafu majeshi yakatoka nje ya Bara Arabu, na kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Warumi wa Mashariki walivunjwa Yarmuk mwaka 636. Waajemi walivunjwa Qadisiya karibu wakati huo huo. Misri iliingiwa mwaka 639, na kufikia 642 Aleksandria ilikuwa mikononi mwa Waarabu. Mwaka 651 Yazdegerd wa tatu, mfalme wa mwisho wa Waajemi wa Kisasani, aliuawa karibu na Merv akiwa mkimbizi ndani ya nchi yake. Miaka 20 tu. Watu walikufa, watu walichukuliwa utumwani, miji ililipa ili isivunjwe.

Sababu ziko wazi kiasi. Warumi na Waajemi walikuwa wametoka kupigana kuanzia mwaka 602 mpaka 628. Waajemi waliteka Yerusalemu mwaka 614, wakachukua na Misri, halafu Heraclius akapindua meza mpaka ndani ya Uajemi. Tauni nayo ilikuwa ikirudi-rudi tangu mwaka 541. Mabingwa wawili wamepigana raundi 12, wote wanavuja damu, na hapo mlangoni anaingia kijana ambaye hakuna mtu alimhesabu. Wakristo wengi wa Misri na Shamu walikuwa pia wamegombana na kanisa rasmi la Konstantinopoli kuhusu imani, kwa hivyo si kila mmoja alimlilia Kaisari.

Hiyo ndiyo dola iliyokimbia. Niwaulize nyote wawili, mwenye dharau na mwenye fahari: asubuhi ya siku ya pili ilikuwaje? Farasi amelala, upanga umefutwa. Mkulima wa Ihnas ameamka. Yeye ni nani sasa?

Yeye ni Mkristo, kama jana. Na shemasi Yohana bado yuko kwenye meza yake anaandika Kigiriki.

Waarabu hawakujisambaza vijijini kubadilisha watu. Walijenga miji yao ya kambi, Basra na Kufa huko Iraki, Fustat huko Misri, wakakaa kivyao. Umar bin al-Khattab akaanzisha diwani, yaani daftari la mishahara: nani alisilimu lini, nani alipigana wapi, anapata kiasi gani kwa mwaka. Aliyekuwa Badr alilipwa zaidi ya aliyechelewa. Hao askari walilipwa na nini? Na kodi. Kodi ya nani? Ya mkulima ambaye hajasilimu. Ukishaelewa huo mzunguko wa pesa, utaelewa kwa nini hakukuwa na haraka ya kumsilimisha.

Ofisi zenyewe ziliendeshwa na wenyeji. Damascus, hazina ya makhalifa wa Bani Umayya ilikuwa mikononi mwa Sarjun bin Mansur, Mkristo, kwa miaka mingi. Huyo ni baba wa yule Yohana wa Damascus ambaye makanisa yanamhesabu kuwa mtakatifu. Na pesa zilikuwa na vituko vyake. Huko Uajemi, sarafu za fedha ziliendelea kutoka na picha ya mfalme wa Kisasani upande mmoja na madhabahu ya moto wa Kizoroasta upande wa pili. Kilichoongezwa ni maneno madogo ya Kiarabu pembeni: Bismillah. Mwislamu alikuwa anabeba mfukoni moto wa dini nyingine, na jina la Mungu kandokando yake, na dunia haikuisha. Ilichukua mpaka utawala wa Abdul Malik bin Marwan. Huyo ndiye aliyejenga Kuba la Mwamba kule Yerusalemu mwaka 691 au 692, akaleta dinari zenye maandishi tu bila picha kuanzia 696 na 697, na akaanza kuhamisha ofisi kutoka Kigiriki na Kiajemi kwenda Kiarabu. Hapo ilikuwa zaidi ya miaka 60 tangu Mtume afariki. Ukiniuliza ni lini dola hii ilianza kuonekana ya Kiislamu kwa macho ya mtu wa kawaida sokoni, nitakuambia ni pale sarafu zilipobadilika.

Katikati hapo kulikuwa na mambo ambayo zile video za farasi huwezi kuyakuta. Katika makhalifa wanne wa kwanza, watatu waliuawa: Umar mwaka 644, Uthman 656, Ali 661. Uthman alizingirwa nyumbani kwake na Waislamu wenzake. Siffin, mwaka 657, ni Waislamu kwa Waislamu. Karbala, mwaka 680, mjukuu wa Mtume aliuawa na jeshi la khalifa. Anayemwambia kijana arudishe enzi za dhahabu amwambie pia kwamba hata walioziishi hawakukubaliana ni nani aongoze.

Rudi kwa mkulima wetu. Kuna siku alianza kufikiria kusilimu. Labda jirani alisilimu, labda aliona huruma, labda alihesabu kodi. Asiye Mwislamu alilipa jizya, na mjomba wangu mmoja, mzee wa kanisa, huwa ananiambia kwamba kodi nayo ni upanga, ila unakata polepole. Ana hoja, mjomba. Kuwa raia wa daraja la pili ni shinikizo, hata kama hakuna mtu amekushika shingo, na nyakati nyingine jizya ilikusanywa kwa kudhalilisha watu. Simpingi.

Lakini mjomba husahau jambo moja la ajabu: kuna maafisa wa dola hiyo ambao hawakutaka mkulima asilimu! Huko Iraki, mwanzoni mwa miaka ya 700, gavana al-Hajjaj aliona wakulima wanasilimu, wanaacha mashamba, wanahamia mijini, kodi inashuka. Akaagiza warudishwe vijijini na waendelee kulipa. Wamesilimu na bado wanalipa jizya. Hao Waislamu wapya wasio Waarabu waliitwa mawali, na walionja ubaguzi kweli kweli: walipigana kwenye jeshi lakini malipo yao hayakuwa sawa na ya Waarabu. Ni Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala kuanzia 717 mpaka 720, aliyeagiza kwamba aliyesilimu asitozwe jizya. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa hazina itakauka, alijibu kuwa Muhammad alitumwa kuita watu, hakutumwa kukusanya kodi. Akafariki baada ya miaka mitatu hivi, na walioshika baada yake wakarudia mambo ya zamani. Hasira za mawali wa Khurasan ni sehemu ya moto uliowaangusha Bani Umayya mwaka 750.

Sasa niambie, dini ambayo serikali yake yenyewe inamfungia mlango anayebisha hodi, tunasemaje ilisukumwa kwa upanga kwenye koo la kila mtu? Na wewe wa fahari, unaringia nini hapo?

Kuna mwanahistoria Mmarekani, Richard Bulliet, aliyetoa kitabu mwaka 1979 kuhusu jambo hili. Alichukua zile kamusi kubwa za wasifu wa wanazuoni, ambazo zinataja mtu na ukoo wake: fulani bin fulani bin fulani. Kwa watu wa Uajemi, ukirudi nyuma, majina ni ya Kiislamu, ya Kiislamu, halafu ghafla unakutana na jina la Kiajemi. Pale ndipo ukoo uliposilimu. Akahesabu majina hayo. Kwa makadirio yake, wakati Bani Umayya wanaanguka mwaka 750, karibu miaka 100 baada ya Yazdegerd kuuawa, Waislamu wa Uajemi walikuwa bado kama mtu mmoja katika kumi. Wimbi kubwa lilikuja karne iliyofuata na ile ya baada yake. Misri ilikuwa hivyo hivyo, pengine polepole zaidi, na mpaka leo Wakopti ni mamilioni. Watu wanaweza kubishana na njia yake ya kuhesabu, na wamebishana, lakini sijaona mwanahistoria wa maana anayesema vijiji vilisilimu wiki ile jeshi lilipita.

Na huku kwetu jeshi lenyewe halikupita. Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta msikiti mdogo wa karne ya nane, chini ya misikiti mingine iliyojengwa juu yake mmoja baada ya mwingine. Karne ile ile ambayo Khurasan ilikuwa inawaka, kuna watu wachache kwenye pwani ya Kenya walikuwa wanaswali katika kijumba cha miti. Walifikiwa na majahazi na biashara, na pengine na harusi. Kutoka hapo mpaka Mumias ni siku moja tu ya kukaa kwenye basi, na siku nyingine kasoro. Dini ilichukua zaidi ya miaka 1,000, hadi wafanyabiashara wa pwani walipofika kwa Wawanga katika karne ya 19.

Baada ya kumsoma Bulliet nilimpigia nyanya simu, mama yake baba, nikamwomba anitajie ukoo wetu kurudi nyuma. Akaanza vizuri: jina la Kiarabu, la Kiarabu, la Kiarabu, ameyatamka Kiluhya kabisa. Alipofika kwa babu wa babu yangu akanyamaza kidogo, akataja majina mawili. Moja la msikitini, na moja la mvua, maana alizaliwa msimu wa mvua. Kabla ya huyo ni Kiluhya tupu. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia yule mzee alilazimishwa na mtu. Nyanya akacheka. Akasema alichosikia yeye ni kwamba aliitwa msikitini miaka mingi akawa anasema atakuja, na alipokuja hatimaye, kaka yake hakuja, na walizikwa shamba moja.